Sauti ya Mbula

Tulimzika Minza mwezi uliopita, nyumbani kwa mume wake, nje kidogo ya Mwanhuzi. Kabla jeneza halijateremshwa, shemeji yake alisoma wasifu wa marehemu kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne: alizaliwa, akasoma, akaolewa, akajaliwa watoto wanne, alikuwa mkulima na mfugaji hodari, aliugua kwa muda mfupi. Akaongeza kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, asiyepaza sauti hata kwa watoto. Watu walitikisa vichwa kukubali. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na akina mama, nikatazama chini, kwa sababu mwanamke huyo aliwahi kuwa na sauti kubwa kuliko zote nilizopata kuzisikia, na katika umati ule ni mimi peke yangu niliyejua kwamba haikupotea yenyewe. Mwaka mmoja mzima wa maisha yake haukuwamo kwenye karatasi ile. Nimeamua kuuandika mimi, kwa kuwa nilikuwapo, na kwa kuwa ubaya uliomo ndani yake ni wangu.

Ya nyumbani kwetu Ngulyati nayaacha. Itoshe kusema nilikuwa na miaka kumi na tisa, matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yamenitupa nje, na siku hizo mkoa wa Simiyu ulikuwa bado haujaundwa. Bariadi tulihesabiwa Shinyanga. Mradi mmoja wa kilimo ulitaka kutengeneza mchezo wa redio kuhusu maisha ya wakulima wa pamba, na ulitaka sauti za vijana wa huku huku, si za Dar es Salaam. Tulisailiwa wengi kwenye darasa la shule ya msingi, tukachukuliwa sita. Tuliambiwa waziwazi kwamba miezi mitatu ya kwanza ni ya kujifunza, na atakayeshindwa atarudi kwao. Mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu wa Ngulyati, kuanzia kisimani hadi kanisani, kwamba watanisikia redioni. Kwa hiyo neno lile la kurudi lilinikaa kifuani usiku na mchana, na nilikuwa nikiamka asubuhi mikono imekunjwa ngumi.

Studio yenyewe ilikuwa stoo ya zamani ya pamba, nyuma ya nyumba ya kupanga. Mwalimu wetu, Bi Mwanaidi, aliagiza magunia yaliyokutwa mle yasitolewe, yapangwe ukutani toka sakafuni mpaka karibu na dari, ili sauti isigonge ukuta na kurudi. Ukiingia na kufunga mlango, dunia ilikatika; ulisikia mapigo ya moyo wako mwenyewe. Feni haikuruhusiwa kwa sababu ya mlio wake. Mvua ikipiga bati tulisimama, jogoo wa jirani akiwika tulirudia, na kwa joto la Bariadi tulitoka mle tumelowa kama waliooga na nguo. Katikati ya chumba kulikuwa na maiki moja juu ya mguu wa chuma, na mbele yake soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa kwenye duara la waya, ili pumzi ya herufi kama p na b isiipige maiki kama ngumi. Bi Mwanaidi alikuwa mtu wa Tanga. Aliigiza michezo ya redio Dar es Salaam miaka mingi kabla mumewe, bwana kilimo, hajahamishiwa kwetu. Alikunywa maji ya uvuguvugu tu, na sauti yake haikupanda wala kushuka, lakini ilikufikia hata ukiwa uani unafua. Alitukataza maziwa asubuhi ya kurekodi kwa kuwa yanaacha ute kooni, jambo ambalo kwetu Wasukuma lilikuwa kama kuambiwa tusipumue. Neno barabara likitutoka balabala, alilirudisha bila kutucheka, mara ishirini kama ni lazima. Fundi mitambo, Shija, alikaa chumba cha pili na kompyuta yake, hedifoni masikioni, akitutazama kupitia kidirisha cha kioo.

Mimi nilikuwa na sauti ya panya. Nikiambiwa nipaze, nilikaza shingo na kupiga kelele. Nikiambiwa nipunguze, nilipotea kabisa. Niliichukulia maiki kama sikio la kiziwi, nikaisogelea mpaka midomo ikagusa soksi, na Shija akawa anaruka kwenye kiti na kuvua hedifoni. Bi Mwanaidi alinilaza chali kwenye mkeka, akaniwekea mfuko wa mchele tumboni, akanitaka niunyanyue kwa pumzi bila kuinua mabega. Alinifundisha kwamba maongezi ya kawaida ni shubiri moja kutoka mdomoni hadi kwenye maiki, siri ni nusu ya hapo, na kilio ni hatua mbili nyuma, uso umegeuzwa pembeni kidogo, kwa kuwa maiki haihitaji nguvu, inahitaji ukweli na nafasi. Nilimwelewa. Kichwani niliweza kulifundisha darasa zima. Lakini nikisimama mbele ya chuma kile mwili wangu ulisahau yote, na koo likajifunga.

Mwezi wa pili ulikuwa unakwisha niliporudi mchana mmoja kuchukua kanga niliyoisahau. Mlango wa Shija ulikuwa wazi kidogo. Nilimsikia Bi Mwanaidi akisema kwamba Holo ana bidii kuliko wote, lakini bidii si sauti. Kwamba nasukuma kwa koo, na mwezi mwingine ukienda hivi atanirudisha nyumbani, afadhali mapema kuliko kunilisha matumaini. Shija alijibu kitu kwa upole, sikukisikia. Nilisimama pale nimeshika gunia la pamba, nikaondoka bila kanga.

Chumba nilipanga pamoja na Minza, karibu na soko. Kitanda kimoja, ndoo mbili, na jiko la mkaa barazani. Chakula chetu cha siku nyingi kilikuwa michembe, vile viazi vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani, tukivichemsha na kuvila na karanga zilizotwangwa. Minza alikuwa amekulia kwenye ng'ombe, kule Meatu kukavu, na alizoea kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde kama unavyomwita mtu aliye jikoni. Hakuwa na majivuno. Alicheka mazoezi ya mfuko wa mchele, akasema yeye tumbo lake lilifundishwa na ndama. Aliponiona nimerudi nikilia, hakuniuliza sana. Aliepua sufuria, akafunga mlango, akanipeleka pembeni ya mji kwenye shamba lililokwisha vunwa, mabua ya pamba yameng'olewa na kuchomwa, ardhi tupu. Akanisimamisha upande mmoja, yeye akavuka mpaka mwisho wa pili, mbali kiasi kwamba sikuuona uso wake vizuri. Nikapiga kelele jina lake. Akatikisa kichwa, akasema, kwa sauti iliyonifikia kama vile tumekaa pamoja:

"Usinipigie kelele. Kelele zinaangukia njiani. Niambie jambo."

"Nikuambie jambo gani?"

"Lolote ambalo unataka nilijue."

Nilitazama majivu ya mabua miguuni kwangu. Kisha nikamwambia kwamba naogopa kurudi nyumbani. Sikukaza shingo. Nilitaka tu alijue. Maneno yalitoka chini ya mbavu, mahali nilipokuwa nikipatafuta kwa miezi miwili, na nikamwona kule mwisho wa shamba ananyanyua mkono. Tulirudi pale kila jioni kwa wiki tatu. Nilimwambia mambo ambayo sijamwambia mtu mwingine tangu siku hizo. Majaribio yalipofika, Bi Mwanaidi alinisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Shija kwenye kioo, akasema nibaki.

Nilibaki, lakini si kwa nilichokitaka. Mchezo ulimhusu mjane aitwaye Mbula, yaani mvua kwa Kisukuma, anayekataa kunyang'anywa shamba la marehemu mumewe. Mbula alipewa Minza, na hakuna aliyeshangaa. Mimi nilipewa sauti za kisimani na za mnadani. Kipindi cha kwanza kiliporushwa na redio moja ya Mwanza, watu wa kwetu walikusanyika uani kwa mjomba kunisikiliza. Nilikuwa na sentensi moja: maji yamekatika tena jamani. Binamu yangu alinipigia simu kesho yake kuuliza ni yupi kati ya wale nilikuwa mimi. Wakati huo huo Minza alikuwa hawezi kununua nyanya bila wauzaji kumwita Mbula na kumwongeza moja. Nilicheka nao. Nikifika chumbani nililala nimeelekea ukutani. Nilimpenda Minza, na nilikuwa nikisali apungukiwe. Sikujua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na nilipojua sikumwambia mtu.

Kilio ndicho kilichomwumiza Minza. Katika kipindi kimoja mtoto wa Mbula anafariki kwa homa, na mama anatakiwa kulia kuanzia chumbani mpaka uani. Bi Mwanaidi alikuwa amekwenda Tanga msibani, tukarekodi na Shija peke yake. Minza alilia mara ya kwanza mpaka sisi tuliokuwa tumekaa chini tukafuta machozi, na umeme ukakatika kabla Shija hajahifadhi. Aliporudia, pikipiki ikapita. Akarudia, mvua ikaanza. Walisubiri, akarudia tena na tena, na kila mara aliisogelea maiki zaidi, akilia kwa koo tupu, kwa sababu tumbo lilikuwa limechoka. Hakuna aliyemwambia arudi nyuma. Mimi niliona mishipa ya shingo yake imetokeza kama kamba, nikakumbuka hatua mbili na uso pembeni, na nikanyamaza, nikijiambia kwamba si kazi yangu kumfundisha Minza.

Tangu siku hiyo sauti yake ikawa na mkwaruzo. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akatafuna tangawizi, akasingizia vumbi. Bi Mwanaidi aliporudi alimsifia, kwa kuwa Mbula alikuwa kwenye msiba na mkwaruzo ule ulimfaa. Alidhani ni uigizaji. Asubuhi moja Minza alikohoa kwenye beseni na mate yakawa na mstari wa damu. Nilimsindikiza hospitali. Daktari alimtazama koo kwa kioo kidogo na taa, akatueleza kwa utulivu kwamba ndani kumevimba na kuchubuka, kwamba anyamaze wiki sita, hata kunong'ona asinong'one, na kwamba akiendelea kulazimisha, sauti inaweza isirudi. Njiani Minza alinishika mkono.

"Holo, usimwambie Bi Mwanaidi," alisema. "Nikinyamaza wiki sita watampa Mbula mtu mwingine. Niapie."

Nikamwapia. Mpaka hapo naweza kujitetea. Rafiki aliomba, nikakubali. Ninachoshindwa kukitetea ni cha siku mbili baadaye. Nilikuwa nampangia Bi Mwanaidi karatasi za kipindi kijacho, nikamwuliza kama kwa kupitisha muda, mtu mwenye nafasi kubwa akiugua inakuwaje. Hakuinua hata kichwa. Alisema ni jambo la kawaida, ndani ya mchezo Mbula atasafirishwa, aende kwa dada yake hata miezi miwili, wasikilizaji wamsubiri. Nafasi ya mtu hainyang'anywi kwa ugonjwa. Kisha akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nauliza tu.

Kutoka studio mpaka chumbani kwetu ni mwendo wa dakika kumi. Nimeupita mwendo ule kichwani mwangu maisha yangu yote. Nilikuwa nimebeba mdomoni sentensi moja ambayo ingemponya, na isingevunja kiapo chochote; nilitakiwa tu kumwambia Minza kwamba anaweza kupumzika na hatapoteza kitu. Nilipofungua mlango alikuwa amekaa kitandani, skripti magotini, anapitisha maneno ya Mbula kwa mnong'ono, mkono kooni. Akaniuliza mbona uso umenibadilika. Nikasema ni jua. Nikaosha mikono, tukala. Siku iliyofuata nilijiambia nitasema jioni, na jioni nikajiambia atapona mwenyewe. Ndani kabisa, mahali nilipokuwa nikichotea ile sauti mpya niliyofundishwa naye, nilijua ninachosubiri.

Wiki ya tatu alisimama mbele ya maiki, akavuta pumzi, akafungua mdomo, na ikatoka hewa. Shija alidhani mashine imeharibika. Aliingia, akabadilisha waya, akagonga maiki kwa ukucha, akarudi kwenye kioo na kumpa ishara aanze. Minza akafungua mdomo tena. Ninaukumbuka uso wa Shija kwenye kidirisha, anasogeza vitufe, anasubiri sauti ifike, na Minza anatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeangusha kitu gizani. Alipelekwa Mwanza. Alirudi baada ya siku kumi akiwa na karatasi ya daktari: kovu kooni, na matumaini madogo. Kilichobaki kilikuwa mnong'ono uliosikika kwa mtu aliyekaa karibu tu.

Bi Mwanaidi alikuja chumbani kwetu kumtazama. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai, akamshika Minza mikono na kulia bila kujificha. Alimwuliza kwa nini hakusema. Minza akanong'ona kwamba aliogopa kupoteza nafasi. Bi Mwanaidi akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nani angekunyang'anya, mwanangu? Tungemsafirisha Mbula. Mbona mwenzako aliniuliza nikamweleza."

Aliyasema bila nia yoyote mbaya. Alidhani nilikuwa nauliza kwa ajili ya Minza na kwamba nilimfikishia. Minza hakugeuka upesi. Aligeuka polepole, akanitazama, na mimi nikatazama ndoo. Bi Mwanaidi alituangalia wote wawili, akaelewa, akanyanyuka. Mlangoni hakuniaga.

Jioni ile Minza aliwasha jiko kama kawaida. Alichemsha michembe, akatwanga karanga, akagawa kwenye sahani mbili sawasawa, ya kwangu akaiweka mbele yangu. Tulikula bila neno. Daktari alikuwa amemwagiza asiseme, kwa hiyo kwa siku nyingi zilizofuata sikuweza kujua kama kimya kile ni cha koo lake au ni changu mimi. Ningependa anitukane. Ningependa ahame. Alifua, alipika, alilala upande wake wa kitanda, na mimi nilikonda mpaka sketi ikawa inazunguka kiunoni.

Kisha Bi Mwanaidi aliniita, akaniambia Mbula nitamsoma mimi. Nilimwambia siwezi, siitaki nafasi hiyo. Alinijibu bila ukali na bila upendo kwamba hakuna msichana mwingine aliyefundishwa vya kutosha, vipindi vilivyobaki ni vya miezi minne, na mchezo ukifungwa wote watano waliobaki watarudi makwao, na itakuwa mara ya pili watu kupoteza kazi kwa sababu yangu. Alisema nimekitaka kitu hiki, sasa nikibebe. Siku ya kwanza nilirudia ukurasa mmoja asubuhi nzima. Koo lilijifunga kama zamani. Nilisogelea maiki, p zikapiga, pumzi zikasikika, Shija akavua hedifoni na kuweka kichwa mezani. Nilikuwa natamani bati litupondeponde sote.

Mlango ulifunguliwa, Minza akaingia. Sijui nani alimwita, labda hakuna. Alivua ndala ili zisigonge, akaja kusimama nyuma ya maiki, uso wake mbele ya uso wangu. Akaweka kiganja tumboni kwake, akasubiri mpaka nimefanya vilevile. Akanionyesha kwa mkono nirudi nyuma. Nikarudi. Akaonyesha tena. Kisha akanyanyua shubiri yake hewani, akaniita kwa kidole mpaka hapo, akanigeuza kidevu kidogo ili pumzi ipite pembeni. Akashusha mkono kumpa Shija ishara. Nilisoma maneno ya mjane anayeomba asamehewe na mtoto aliyemzika, nikayasoma kwa Minza, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine pale wa kumwambia. Sikukaza shingo. Hakulia. Alinisikiliza kwa umakini wa kazi, kichwa ameinamisha, na nilipomaliza alizungusha kidole: rudia. Haikuwa kwa sababu nimesoma vibaya; jirani alikuwa anapasua kuni. Nikarudia. Alikuja kila siku ya kurekodi kwa miezi minne, na katika miezi hiyo watu wa Ngulyati walinitambua bila kuuliza, na mjomba akaniambia kwenye simu kwamba uani kwake hapatoshi. Nilikuwa nikikata simu kabla hajamaliza.

Mchezo ulipomalizika, kaka yake Minza alikuja na pikipiki kumrudisha Mwanhuzi. Alifunga begi nyuma kwa mpira, akaenda kutafuta mafuta. Tulibaki barazani sisi wawili, na jiko limeshapoa. Nilikuwa nimelala na maneno yale miezi yote, nikayasema hovyo, bila mpangilio: kwamba nilijua, kwamba sikusahau, kwamba nilinyamaza kwa makusudi, kwamba nilikitaka kile alichokuwa nacho. Alinisikiliza hadi mwisho. Ilibidi niiname ili nimsikie.

"Nilikuwa nasubiri uyaseme mwenyewe," alinong'ona. "Umeyasema wakati naondoka."

Nikamwambia kwamba sitaigiza tena, nitarudi Ngulyati kulima. Hapo tu ndipo nilipoona hasira kwenye uso wake, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Ukiacha, tutakuwa tumepotea wote wawili," alisema. "Mimi nimefundisha mtu mmoja tu."

Pikipiki ikarudi. Hakusema amenisamehe, na sikuwa na uso wa kumwuliza. Baada ya hapo tulionana mara mbili tu, zote katikati ya harusi za watu, penye ngoma na spika, ambapo mnong'ono hausikiki. Kazi sikuiacha. Nimeifanya mpaka leo, Mwanza na Dar es Salaam, na nimewafundisha vijana wengi kupumua kwa tumbo na kusimama shubiri moja kutoka kwenye maiki. Mpaka sasa sijui kama niliiendeleza kama mtu anayetubu, au kama mtu aliyepata alichokitaka.